Jani la mwarobaini na chumvi ya fedha

Changamwe, Mombasa, wanaujua mwarobaini kwa mbao zake. Kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft, uliopo tangu 1963, mti huu ulipendekezwa pale mpingo na muhugu ulipoanza kuadimika. Majani hayana soko hapo. Wanaoyataka ni watu wa maabara, na huchukua konzi chache tu.

Mwaka 2004 kundi la Murali Sastry huko Pune, India, lilionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini hugeuza chumvi ya fedha kuwa chembe za nanometa 5 hadi 35. Unywele mmoja una unene wa maelfu ya chembe hizo. Kazi imeigwa tangu hapo katika maabara nyingi, za Kenya zikiwemo, na ukiielezwa kwa mdomo utaiona rahisi mno. Majani huoshwa, hukatwakatwa, huchemshwa dakika chache, huchujwa. Fundi mzuri hujulikana kwenye kuosha: vumbi likibaki, au chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, yatakayofuata yote yana shaka.

Halafu hupimwa ile chumvi, naitreti ya fedha, kwa kawaida gramu 0.17 kwa lita ya maji. Hukaa kwenye chupa ya kahawia kwa kuwa mwanga huiharibu, na ikikudondokea kidoleni huacha doa jeusi ambalo sabuni hailiwezi. Utalivumilia mpaka ngozi ijibadilishe.

Maji nayo yana kesi yake. Chukua maji ya kisima cha pwani, haya yetu ya munyu, utie tone la naitreti: yatachafuka weupe papo hapo. Fedha imekamatana na kloridi ya munyu huo na kazi imekufa kabla haijaanza. Ndiyo maana hutumika maji yaliyotoneshwa, ndugu wa yale ya betri.

Sasa maji ya majani humiminwa taratibu huku chupa ikitikiswa. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye hutokea manjano hafifu, yakazidi kuiva, hadi chupa ikawa kama chai ya rangi iliyokolea. Fedha ya bangili ni nyeupe, lakini chembe zikiwa ndogo hivi elektroni zake huchezeshwa na mwanga wa karibu nanometa 420, ulio kwenye urujuani na buluu, zikaumeza. Jicho huachiwa manjano na hudhurungi. Kemikali za jani zimefanya kazi mbili kwa mpigo: zimeipa fedha elektroni ilizokosa, kisha zikaivika kila chembe ili zisigandane. Vazi likiwa dhaifu, rangi huwa kijivu na mashapo hutua chini. Hapo ni kumwaga na kuanza upya.

Vijidudu pia hujua kutengeneza chembe za fedha. Mwaka 1999 Tanja Klaus na wenzake, Uppsala, walieleza bakteria wa mgodi wa fedha, Pseudomonas stutzeri, anayejilimbikizia fuwele za fedha hadi nanometa 200 ndani ya mwili wake. Sifa ni zake, ila kumfuga na kumtoa fedha tumboni ni kibarua. Jani halihitaji kulishwa.

Watafiti huiita njia hii ya majani “ya kijani”. Nasita kidogo: fedha bado imechimbwa, na naitreti imetengenezwa kwa asidi kali. Ninachokistahi zaidi ni daftari. Jani la kiangazi halitoi maji sawa na la baada ya masika, kwa hiyo mtafiti makini huandika mti gani, mwezi gani, mvua ilinyesha lini. Anayeishia kwenye rangi nzuri hajafika. Chembe hizi huua bakteria, na chujio la maji ni mahali pa kuzitia, lakini sharti ijulikane ni fedha kiasi gani inayochuruzika kikombeni. Shirika la Afya Duniani linaona miligramu 0.1 kwa lita inavumilika. Watu wa Changamwe, wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20, wangeanza kwa kuuliza hilo.