Kuusoma Ukuta wa Mawe: Mwongozo wa Kupima Uashi wa Makanisa ya Kale ya Ulaya

Ubora wa kanisa la kale la mawe haupimwi kwa urefu wa mnara wake wala kwa wingi wa dhahabu iliyopakwa altareni, bali kwa namna uzito wa dari unavyoteremka hadi ardhini, na kwa uangalifu wa mikono iliyoyapanga mawe yanayoubeba. Makanisa makuu ya Ufaransa na Uingereza ya kati ya karne ya 11 na ya 14, ambayo ndiyo yanayozingatiwa hapa, yalijengwa bila nondo wala saruji. Jiwe lilikalia jiwe, na kosa la kipimo, hata likikaa kimya miaka kumi, lilikuwa na siku yake ya kudai.

Mchunguzi na aanze juu. Dari ya kanisa la namna hii ni ya mawe yaliyopangwa kwa tao, na umbo lake lililo rahisi kuliko yote ni la pipa lililopasuliwa kwa urefu, ambalo huzisukuma kuta za pande mbili kuelekea nje, na kwa hiyo huzilazimisha kuwa nene na zenye madirisha madogo. Ndivyo yalivyo makanisa mengi ya mtindo wa Kiromaneski, yaani mtindo wa matao ya nusu duara uliotangulia ule wa Kigothi wenye matao yaliyochongoka. Mageuzi kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine yanasomeka vizuri katika kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, ambako ujenzi ulianza mwaka 1093 na dari ya ukumbi mkuu ikakamilika mwaka 1133. Dari hiyo imegawanywa kwa mbavu, yaani matao membamba ya mawe yanayokatana kimshazari na kuelekeza uzito kwenye pembe za kila fungu la dari, hivi kwamba ukuta ulio kati ya pembe hizo hupunguziwa mzigo. Katika dari njema ubavu hupanda kutoka kwenye nguzo hadi jiwe la kati bila kukatika wala kupinda ghafla, na jicho linaloufuata halikuti mahali ambapo fundi alilazimika kufidia hesabu aliyokosea chini.

Nguzo za Durham zinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Zile nene za mviringo, ambazo mzingo wake unakaribiana na kimo chake, zimechongwa mifuo ya zigizaga na ya mistari inayokatana, na mawe yake yalichongwa kabla ya kupandishwa mahali pake. Mfuo wa jiwe moja ulipaswa kukutana na wa jirani yake kwa kipimo kilichokubaliwa mapema, kwa kuwa nafasi ya kurekebisha baadaye ilikuwa ndogo. Mtazamaji akifuata mfuo mmoja kuizunguka nguzo nzima, atakuwa ameupima utaratibu wa kazi wa watu waliofanya kazi miaka mia tisa iliyopita.

Baada ya umbo huja uso wa jiwe, na hapa ndipo watazamaji wengi hupita haraka mno. Moto wa mwaka 1174 uliharibu sehemu ya altare ya kanisa kuu la Canterbury, na kazi ya kuijenga upya akapewa fundi Mfaransa, Guillaume wa Sens, aliyeagiza mawe kutoka ng'ambo ya bahari na kuwapa wachongaji vielelezo vya kufuata. Mtawa Gervase, aliyeandika habari za ujenzi huo, alibainisha kwamba nakshi za kanisa la awali zilichongwa kwa shoka, na za kanisa jipya kwa tindo. (Guillaume mwenyewe alianguka kutoka kwenye jukwaa mwaka 1178 akaumia vibaya, na fundi mwingine, William Mwingereza, ndiye aliyeendelea na kazi.) Tofauti aliyoiona Gervase bado ni kipimo cha kuaminika: shoka huacha mistari mirefu iliyolala kimshazari, ilhali tindo yenye meno huacha vijistari vifupi vilivyopangana. Alama hizo huonekana vizuri jua linapoupiga ukuta kwa upande, asubuhi au jioni. Jiwe lisilo na alama yoyote, lenye kingo kali na uso ulionyooka kama ubao, kwa kawaida ni la matengenezo ya baadaye, hasa ya karne ya 19.

Viungo kati ya mawe navyo vina ushahidi wake. Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, na msomaji anayeyajua magofu ya Kilwa au Gedi, yaliyojengwa kwa chokaa ya matumbawe, ataielewa mantiki yake mara moja: chokaa ni laini kuliko jiwe, huachia unyevu utoke, na hukubali ukuta usogee kidogo bila kupasua mawe. Fundi wa siku za karibuni anayeziba viungo hivyo kwa saruji huyafungia maji ndani ya ukuta, na baada ya miaka uso wa jiwe huanza kumomonyoka huku saruji ikibaki imesimama kama fremu tupu. Huo ni uharibifu, hata kama ulifanywa kwa nia njema, na mwongozo wowote wa uashi hauna budi kuukemea.

Kuhusu rangi, mazoea yamewapotosha wengi. Kuta za ndani za Chartres, kanisa lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194, zilipakwa lipu ya rangi ya manjano iliyofifia na kuchorewa viungo vya bandia kwa mistari myeupe. Matengenezo ya karne hii yaliyoirudisha sura hiyo yalizua malalamiko makali. Waliolalamika walikuwa wamelizoea giza la masizi ya mishumaa, na giza hilo halikuwa sehemu ya kazi ya waashi.

Mwisho mchunguzi atoke nje, ayatazame matao ya kuegemeza, yaani matao yanayovuka hewani kutoka ukuta wa juu hadi kwenye minara ya mawe iliyo pembeni, ambayo hupokea msukumo wa dari na kuushusha ardhini. Kwa matao hayo kanisa kuu la Amiens, lililoanza kujengwa mwaka 1220, liliinua dari yake takriban mita 42, na Beauvais ikataka kuipita. Sehemu ya altare ya Beauvais ilikamilika mwaka 1272 ikiwa na dari ya mita 48. Mwaka 1284 sehemu ya dari hiyo iliporomoka, na waashi wakalazimika kuchomeka kati ya nguzo za awali nguzo mpya, ambazo bado zinatambulika kwa jinsi zinavyoyabana matao. Mnara uliokamilika mwaka 1569 ulianguka mwaka 1573, na ukumbi mkuu wa kanisa la Kigothi haukujengwa kamwe. Hakuna anayeingia Beauvais asiduwae, na ujasiri wa mafundi wake unastahili heshima. Lakini kwa kipimo cha uashi, Amiens, iliyo fupi kwa mita sita na iliyokamilika, ndiyo kazi bora.