Mnyama Asiyelia

Ng'ombe akishikwa na kiu hulia. Mbuzi akinaswa na kamba, kitongoji kizima kitajua. Sungura hana sauti ya kulalamikia. Akiugua hujikunyata kwenye kona ya banda na kunyamaza, kwa kuwa ni kiumbe wa kuwindwa, na anayewindwa haoneshi udhaifu wake. Hapa Bariadi, ambako heshima ya mji huhesabiwa kwa ng'ombe, sungura huachiwa watoto. Kwa maoni yangu, mtoto huyo amekabidhiwa kazi ngumu kuliko ya baba yake. Nausifu ufundi wake.

Ufundi wenyewe huanza siku ya kuchagua. Mgeni wa mambo huvutiwa na weupe wa manyoya. Mzoefu huanzia miguu ya mbele, akaigeuza atazame upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo hata muuzaji akimpangusa uso, manyoya ya pale yatakuwa yamegandamana. Kisha hufunua sikio: ukiona ukoko ndani, huo ni upele wa masikio. Hutazama meno ya mbele kama yanakutana, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yasiyokutana hayaliki, yatarefuka hadi yamzuie kula. Mwisho huangalia chini ya mkia. Pakiwa na uchafu ulioganda, hanunui. Na mtoto wa chini ya wiki sita abaki kwa mama yake, hata kama anatafuna majani kwa bidii.

Kumbeba nako kuna adabu yake. Kumning'iniza kwa masikio ni ukatili. Mkono mmoja ukae chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, na miguu ya nyuma isiachwe ikining'inia. Teke lake mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo.

Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, naye hatoki jasho. Joto jingi humtoka kupitia masikio. Joto la hewa likipita nyuzi 30 huanza kuteseka. Basi jua la huku Simiyu la mwezi wa tisa, kabla ya mvua, ndilo mtihani wa banda. Paa la bati tupu humwoka. La nyasi humfaa zaidi, na banda likikaa chini ya mwarobaini, ni bora zaidi. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke, na miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu wasipande usiku.

Katika chakula, mazoea ya ng'ombe humponza mfugaji mpya. Mashudu ya pamba, yanayonenepesha fahali wetu, yana sumu ambayo tumbo la ng'ombe huihimili, sungura asipewe. Majani ya kingo za shamba la pamba nayo yaachwe msimu wa kupulizia dawa, hata yakiwa mabichi namna gani. Matembele anayapenda, ila yanyaushwe kwanza, yasiwe na umande. Lakini chakula chake kikuu ni nyasi, kwa ajili ya tumbo na kwa ajili ya yale meno. Hapo busara ya Wasukuma inasaidia: ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga, ulijengwa juu ya maarifa hayohayo. Mtoto anayekata nyasi za masika, akazianika na kuzifunga matita ya akiba, ana ngitili yake darini.

Asubuhi mfugaji mzuri hutazama chini ya banda kabla ya kumtazama sungura mwenyewe. Vinyesi vikiwa vya mviringo, vingi na vikavu, mambo ni shwari. Vikipungua na kuwa vidogo, kuna tatizo, hata kama mwenyewe anakutumbulia macho maangavu. Sungura aliyepitisha siku nzima bila kula yuko hatarini. Asisubiriwe hadi kesho, apelekwe kwa bwana mifugo.

Watu wataniuliza faida. Sungura halipi mahari wala halimi. Nyama yake ni tamu, sikatai, na kwa kuwa mimba yake ni ya mwezi mmoja tu, anayetaka biashara ataipata. Ila ninachokisifu mimi ni jicho linalopatikana humo: anayeweza kumsoma mnyama asiyesema hatashindwa na ndama, wala na mtoto mchanga. Ningekuwa na kauli kwenye viwanja vya Nane Nane pale Nyakabindi, ningetenga zawadi moja, isiende kwa sungura mnene kuliko wote. Ningempa mtoto anayeweza kutueleza, bila kubabaika, sungura wake alikula nini jana na alibakiza nini.