Joho la Ngazi ya Ishirini

Katika michezo mingi ya kuigiza inayochezwa kwa intaneti, ukitaka kumjua mwenye nguvu, mtazame nguo. Mabega ya chuma, kofia yenye pembe, deraya inayowaka moto: kila kipande kina tarakimu zake, na tarakimu hizo ndizo zinazomkinga mvaaji. Basi vazi bora huwa moja, na wote waliofika juu hulivaa hilo hilo, limewapendeza au halikuwapendeza. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ilikaa miaka saba mizima kabla ya kuwaruhusu wachezaji wake kubaki na nguvu za vazi moja huku wakionekana wamevaa jingine.

City of Heroes ulilikataa jambo hilo tangu siku ya kwanza. Ulitengenezwa na Cryptic Studios, ukatolewa na NCSoft mwezi wa Aprili 2004, na ndani yake watu walioketi mbele ya kompyuta zao katika nchi mbalimbali walikutana kama mashujaa wa mji wa kubuni uitwao Paragon City. Nguo za mji huo hazina tarakimu. Aliyejifunika chuma toka utosini hadi kidoleni na aliyevaa bukta na buti wakipigwa risasi wanaumia sawasawa. Kwa haraka mtu atasema nguo imepunguziwa kazi. Mimi nasema nguo iliyovuliwa kazi ya kukinga imebakiwa na kazi moja, nayo ni kusema. Hapo ndipo inapoweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi: kwa mpangilio wake, kwa kilichoruhusiwa na kilichokatazwa.

Unguja tunaijua kamba inayofunga nguo kwenye daraja, tena kwa njia chungu kuliko mchezo wowote. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaeleza jinsi watumwa walivyovaa merikani na kaniki, vichwa wazi, miguu mitupu, na jinsi kofia kichwani mwa mtumwa ilivyohesabiwa kuwa ufedhuli. Baada ya amri, watu wale wale waliishika kofia, kanzu na kanga kwa kasi iliyowashangaza waliokuwa mabwana zao. Kofia haikumpa mtu shamba. Ilimpa haki ya kutazamwa upya. (Merikani yenyewe ilikuja Unguja kwa meli za Salem, bandari ya Massachusetts, na watunzi wa City of Heroes wameiweka Paragon City katika Rhode Island, jimbo la jirani. Ramani nayo ina utani wake.)

Tuingie sasa kwenye umbo lenyewe. Skrini ya mavazi haiji mwanzo. Mchezaji huulizwa kwanza nguvu zake zimetoka wapi: uchawi, sayansi, teknolojia, mageuzi ya mwili aliyozaliwa nayo, au mazoezi tu ya binadamu wa kawaida. Kisha huchagua aina ya shujaa, halafu nguvu zenyewe. Ndipo anapopewa mwili, juu ya mwili nguo, na mwisho kabisa jina. Kwa hiyo mtu anajua anachoweza kufanya kabla ya kujua yeye ni nani, na vazi limewekwa katikati, mahali pa kutafutia. Ukichagua moto kuwa nguvu yako, hujalazimika kuvaa nyekundu. Unaweza kumvika shujaa wa moto suti ya karani wa benki, na hapo hapo ameshapata hadithi: huyu anaficha kitu. Mchezo haukumwandikia siri hiyo. Imezaliwa kwa nguvu na nguo kutoelewana, na naamini ndiyo sababu hasa ya skrini hii kukumbukwa hata na watu waliousahau mchezo wenyewe.

Mwili nao una kauli zake. Ulikuja kwa namna tatu: mwanamume, mwanamke na pandikizi la mtu. Pandikizi ni mwanamume tu. Mwanamke unaweza kumrefusha na kumnenepesha, lakini ule mgongo wa kubeba magunia hapewi. Hadithi za Paragon City zimejaa wanawake wanaopasua kuta kwa ngumi, ila waliochora orodha ya miili hawakuzisoma.

Halafu rangi. Kila kipande, kiwe glavu, buti au fulana, hupewa rangi mbili, basi. Nembo ya kifuani huchaguliwa orodhani. Ya kuchora mwenyewe haikubaliki. Wapo waliolalamikia ubanaji huu. Sioni sababu, kwani mtunzi wa tarbia naye hakuchagua kuwa ubeti uwe na mishororo minne, na hakuna anayemwonea huruma. Rangi mbili kwa kila kipande humlazimisha mchezaji kufikiria mwili mzima: rangi ya pili ya glavu iwe ya kwanza kwenye buti, nyeupe ya mkanda ijibiwe na nyeupe ya barakoa. Mavazi mabaya ya mchezo huu karibu yote yana kosa moja, kila kipande kimechaguliwa peke yake. Mazuri yana kitu cha kurudi, kama kina.

Lakini tuupime ubanaji huo kwa kitambaa chetu. Tuseme kijana wa Chukwani, hapa Unguja, anataka kumvika shujaa wake kanga, na si kanga yoyote bali kisutu, kanga ya bibi harusi. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi tatu. Kipande cha mchezo kinapokea mbili, basi ameshakwama kabla hajafika kwenye pindo. Angeweza kudanganya macho: sketi ibebe nyekundu na nyeusi, nyeupe ihamie kwenye mkanda na glavu. Kwa mbali itasomeka kama mwangwi wa kisutu, na mwangwi wenyewe ni sanaa pia.

Kuna kikwazo kikubwa kuliko rangi. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yale maneno yanayokaa juu ya pindo la chini. Ukienda mtaa wa Mchangani mjini Unguja kununua doti utawaona wateja wakikunjua kitambaa na kusoma jina kabla ya kuuliza bei. Ua laweza kuwa zuri ajabu na kanga ikarudishwa rafuni kwa sababu maneno yake yataleta ugomvi kwa mawifi. Katika City of Heroes nguo haiwezi kuandikwa neno. Herufi iliyo tayari utaipata miongoni mwa nembo za kifuani, sentensi huipati. Maneno yamehamishiwa nje ya mwili. Ukimaliza kuvaa, unapewa nafasi ya kuandika ukelele wa vita, halafu kisanduku cha maelezo ambamo mtu hueleza shujaa wake alizaliwaje na anamtafuta nani. Maelezo hayo hayaonekani mpaka mtu mwingine akubonyeze na kuomba kuyasoma.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jina la kanga humfikia asiyeliomba. Mwanamke anapita, hajafungua kinywa, na aliyekusudiwa ameshapata salamu zake. Akija juu, ataambiwa ni nguo tu, nani aliyekutaja? Nguvu yake iko kwenye kukanika. Maelezo ya shujaa hayawezi kukanwa kwa sababu hayakulazimishwa kwa mtu. Aliyeyasoma aliyafuata mwenyewe. Kwa hiyo mavazi ya City of Heroes, kwa uhuru wote ule wa maumbo, hayana mafumbo. Yanajitangaza. Ni mavazi ya watu wasio na mawifi.

Mahali ambapo mchezo huu na pwani vinakutana bila kutafutana ni kwenye kundi. Wachezaji wanaweza kuunda kundi la mashujaa lenye rangi na nembo zake. Ukijitangaza kuwa uko kazini kwa ajili ya kundi, nguo yako hubadilika rangi papo hapo ikachukua za kundi, lakini mkato unabaki wako. Aliyehudhuria harusi ya mjini hahitaji kufafanuliwa. Kitambaa cha sare ni kimoja, kimenunuliwa kwa jora, na kila mmoja amekwenda kwa fundi wake. Huyu kashona gauni, yule dera, mwingine kakata mgongo mpaka bibi zake wakaguna. Rangi inasema sisi, mshono unasema mimi. Vyama vya ngoma ya beni vilivyoenea pwani kuanzia miaka ya 1890 navyo vilijua jambo hili, vikiwa na wafalme wao, vyeo vyao vya kijeshi na sare zilizoigwa kwa mabaharia na askari wa Kizungu. Tofauti ni kwamba beni waliivaa nguo ya mwenye bunduki halisi aliyekuwa akiwatazama, na hapo mzaha ulikuwa na gharama.

Nimeacha joho mpaka sasa kwa makusudi. Shujaa wa Kimarekani ambaye hana joho la kupepea mgongoni ni kama hajavaa. Hata hivyo mchezo ulipozinduliwa joho halikuwamo. Lilikuja Septemba 2004, na watunzi badala ya kuliweka orodhani kama glavu, waliliwekea sharti: ufike ngazi ya ishirini, uende ukumbi wa mji, upewe kazi ya kufanya, ndipo uruhusiwe. Sababu waliyoitunga ni msiba. Shujaa mkubwa wa mji, Hero 1, alijitoa mhanga katika vita dhidi ya wavamizi waitwao Rikti, na kwa kumheshimu mashujaa wachanga hawakuruhusiwa joho mpaka walistahili. Kitu kilichokosekana kimegeuzwa kuwa eda. Sijui mfano mwingine wa mchezo ulioficha kazi isiyokwisha kwa adabu namna ile.

Na tazama kilichotokea kwenye umbo. Wakati ule nguo zote zilikuwa za bure na hazikuwa na daraja, isipokuwa moja. Lakini hata hiyo moja haina nguvu: joho halizuii risasi. Linachosema ni muda tu, kwamba mvaaji amekuwako na amefanya kazi.

Chukwani wamewahi kuziona namna mbili za joho. Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga kasri hapo ufukweni, anaonekana katika picha zake na joho na kilemba. Joho la kuzaliwa nalo, halina ngazi ya kupanda. Namna ya pili ni ya Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait cha hapo hapo, kilichoanza mwaka 1998 kama chuo cha ualimu. Joho la mahafali halikingi jua, na kwa joto la Unguja ni adhabu. Halimwongezei mhitimu hata alama moja, maana mitihani imekwisha. Lakini mtu akilivaa barazani bila kusoma atachekwa mpaka alivue. City of Heroes ilikuwa na hiari ya kuuza joho au kulirithisha, ikachagua la chuo. Ni uamuzi bora kuliko yote iliyoyafanya kuhusu nguo.

Ngazi ya thelathini ilitoa mng'ao, moshi au miali ya kumzunguka shujaa. Huo sina la kuutetea. Joho lina umbo, linafuata upepo, linafichua na kuficha. Mng'ao hufunika kila ulichopanga chini yake, na mashujaa kumi wakiwaka pamoja huoni hata mmoja.

Marvel waliitazama skrini hii kwa jicho la wakili. Novemba 2004 walishitaki, wakidai kwamba kifaa hicho kinawawezesha wachezaji kunakili mashujaa wao. Ikabainika kwamba baadhi ya picha zilizowekwa mahakamani kama ushahidi zilitengenezwa na upande wa Marvel wenyewe ndani ya mchezo. Shauri likamalizwa kwa mapatano Desemba 2005. Wafanyabiashara wa kanga wa Mombasa walikuwa na dawa nyepesi zaidi ya tatizo la kunakiliwa: nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza 1887, ilichapa alama yake, Mali ya Abdulla, kwenye kitambaa. Mwandishi wa vazi alikuwa ndani ya vazi. Katika Paragon City vazi halimtaji aliyelibuni, ingawa chini ya sanamu ya Atlas wachezaji waliandaa mashindano ya mavazi wakipanga mistari kama mabibi harusi, na waliojua walimtambua fundi kwa mkono wake.

Seva zilizimwa tarehe 30 Novemba 2012. Mchezo ulikuwa umeruhusu kuhifadhi vazi kwenye kompyuta ya mchezaji kama faili, na faili hilo ukilifungua ni maandishi matupu: jina la kipande, jina la umbo, tarakimu za rangi ya kwanza na ya pili. Watu walibaki na mafaili hayo kwa miaka, nguo zisizo na mwili, mpaka wapenzi wa mchezo walipoufufua mwaka 2019 chini ya jina Homecoming, nao NCSoft wakawapa leseni Januari 2024. Mafaili yakafunguliwa na vazi likarudi vile vile. Ila faili la vazi lina vazi tu. Ukelele wa vita na maelezo ya shujaa yalikaa kwingine, na aliyekuwa hakuyanakili kando ilimbidi ayatunge upya. Kanga ya mwaka huo wa 2012, ikitolewa sandukuni leo, rangi zitakuwa zimefifia na jina bado linasomeka.