Sikio la Ngoma na Sikio la Lugha

Wahakiki wetu wengi wanapozungumzia nyimbo za jadi huanza na maneno, na mara nyingi huishia papo hapo. Hutueleza wimbo unamsifu nani na unamkejeli nani. Mapigo yenyewe huachiwa wacheza ngoma, kana kwamba ni pambo lililoongezwa baadaye. Hatukubaliani na mtazamo huo. Sikio linalopokea mapigo ndilo hilo hilo lipokealo lugha, na kazi hizi mbili zimeshikana kuliko vitabu vyetu vya fasihi vinavyokiri.

Tuchukue Bisibo, katika eneo la Washubi lililoenea wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kihangaza, na wa Kirundi kilicho ng'ambo ya mpaka. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo huletwa shuleni mbele ya Kiswahili, na siku moja hukutana na neno "mbuni". Likitamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Likitamkwa kwa silabi tatu, m-bu-ni, ni mti wa kahawa, ambao mwanafunzi wa Kagera anaufahamu vizuri kuliko ndege huyo. Maandishi hayatofautishi hata kidogo. Tofauti imo katika muda: ile "m" ya mwanzo ama imepewa pigo lake, ama imemezwa na silabi inayoifuata. Mshairi akikosea hapo, mizani ya mshororo huvunjika.

Ushahidi ulio mzito zaidi uko Burundi, jirani ya Ngara. Huko kuna sanaa ya kunong'ona huku mtu akipiga inanga, ala ya ubao uliochongwa mfano wa kihori na kutandazwa nyuzi juu yake. Katika Kirundi kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Lakini anong'onaye hatetemeshi nyuzi za sauti kooni mwake. Mnong'ono ni pumzi tupu, hauna juu wala chini. Hata hivyo msikilizaji husikia mnong'ono ule ukiimba. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales, katika makala aliyoichapisha mwaka 2002, alieleza kwamba sikio huazima sauti za inanga na kuzivika maneno. Muda wa silabi hubaki katika mnong'ono; kilichopotea hukopwa kutoka kwenye nyuzi. Mhakiki atakayeyaandika maneno hayo karatasini na kuiacha inanga atakuwa amehakiki nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Wanasayansi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2002 Usha Goswami na wenzake nchini Uingereza walitoa hoja kwamba baadhi ya watoto wanaosumbuliwa na kusoma hawasikii sawasawa jinsi nguvu ya sauti inavyopanda silabi inapoanza, na hapo ndipo pigo la lugha lilipo. Mwaka 2015 Reyna Gordon na wenzake nchini Marekani waliwapima watoto 25 wa umri wa miaka 6. Waliotofautisha vizuri midundo ya muziki walielekea pia kuwa hodari katika sarufi ya usemi wao. Tusivuke mipaka ya ushahidi. Watoto hao walisema Kiingereza, wala si Kishubi, na mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa la pili.

Lakini hata kwa tahadhari hiyo, ufundishaji wetu wa ushairi una kasoro. Mizani huhesabiwa ubaoni kwa kalamu na macho, nane kwa nane, katika chumba kilichonyamaza kimya. Ngoma hungoja siku ya mgeni rasmi. (Mgeni rasmi naye, aghalabu, huwa na haraka.) Mwanafunzi huweza kutaja vina vya ubeti asioweza kuughani. Yafaa mwalimu wa Bisibo au wa kwingineko aulete ubeti kwanza masikioni: uimbwe, upigiwe makofi, kila silabi pigo lake, na silabi ya pili kutoka mwisho wa neno ipewe uzito wake. Ndipo maandishi yafuate. Mshororo wenye "mbuni" ukikosa pigo moja, darasa zima litasikia kabla mwalimu hajanyanyua chaki.