Sandwichi Njema Hujulikana kwa Maji Yake

Muulize mtu sandwichi aipendayo, naye atakutajia kilichomo ndani: yai, jibini, kuku, samaki wa kopo, nyanya. Si ajabu, maana kilichomo ndani ndicho kinachoipa jina. Ila jina halisemi lolote kuhusu ubora. Chukua sandwichi mbili za yai, mayai yametoka trei moja na mkate umetoka duka moja; moja italiwa kwa raha hadi tonge la mwisho, nyingine itaachwa nusu, imelowa chini na kukauka pembeni. Yai halina lawama hapo. Kilichozitenganisha ni jambo ambalo mtengenezaji mmoja alilifikiria na mwenzake akalisahau, nalo ni maji. Kutengeneza sandwichi ni kukikalisha kitu kikavu pamoja na kitu chenye majimaji, kisha kuamua maji yale yaende wapi, yaende lini, na yazuiwe na nini. Anayetaka kujifunza kuihukumu sandwichi aanze na swali hilo, kisha ndipo aje kwenye ladha.

Mwanafunzi wa jambo hili aanze na sandwichi rahisi, zile za vitu viwili au vitatu, kwa sababu hazina pa kujifichia. Sandwichi ya ghorofa tatu iliyochomekwa vijiti, yenye mchuzi, jibini, saladi na nyama za aina mbili, inaweza kuficha mkate mbovu chini ya kelele za ladha. Mfano mzuri wa sandwichi isiyoficha kitu ni ile inayoliwa mchana mjini Paris: kipande kirefu cha mkate wa baguette, siagi, na nyama ya paja la nguruwe iliyotiwa chumvi na kupikwa. Basi, hakuna zaidi. Katika vitu vitatu, kimoja kikiwa hafifu mlaji atakijua mara moja. Wafaransa wanalijua hilo, na amri ya serikali yao ya mwaka 1993 ilieleza mkate wa jadi uweje: unga wa ngano, maji, chumvi na chachu, bila viungio vya kuurefushia maisha, na bila donge kugandishwa kwenye barafu. Mkate wa namna hiyo huwa na ganda linalovunjika kwa sauti asubuhi, na jioni ganda hilohilo limekuwa gumu kama ngozi. Sababu ni kwamba unyevu wa ndani hauachi kusafiri kwenda nje. Ganda linaunywa na kupoteza ukavu wake, na ndani kunabaki pakavu. Kwa hiyo, hata kabla hujaweka chochote ndani ya mkate, mwendo wa maji umekwisha kuanza.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mkate, na swali la kuuliza ni kama unafaa kwa kazi uliyopewa. Boflo yenye ganda inabeba kitu kizito chenye mchuzi. Mkate wa slesi hauwezi. Mkate huo laini umekuja na viwanda: mashine ya kukata mkate ya Otto Rohwedder ilianza kazi katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, mwaka 1928, na mwaka 1961 huko Chorleywood, Uingereza, ikapatikana njia ya kuukanda unga kwa nguvu na kasi hata donge likaiva kwa muda mfupi mno. Mabingwa wengi wa mkate huudharau, na kwa ladha wana hoja. Lakini kwa sandwichi ya tango au ya yai lililopondwa, ganda gumu ni adui: meno yakilikandamiza, kilichomo ndani hutokea upande wa pili. Hapo slesi laini ndiyo inayofaa, mradi iwe mpya. Ibonyeze kwa kidole uone kama itarudi juu polepole; ikibaki na shimo haikuiva vizuri, ikivunjika imechakaa. Tena usiuamini mkate uliolala kwenye friji. Wanga uliopikwa hurudi kuwa mgumu haraka zaidi kwenye baridi ya friji kuliko juu ya kabati, ndiyo maana sandwichi iliyotolewa kwenye friji ya dukani huwa na mkate unaotafunika kama sifongo kikavu, hata kama ilifungwa vizuri kwenye plastiki.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahauliwa zaidi: mafuta. Watu hudhani siagi hupakwa kwa ajili ya ladha peke yake, na kwa sababu hiyo huipaka katikati ya slesi, wakaacha pembe nne wazi. Siagi ina kazi nyingine, ambayo ni kuzuia. Siagi ya kawaida ina mafuta yasiyopungua asilimia 80 hivi, na maji kidogo iliyo nayo yamefungiwa ndani ya mafuta hayo kwa matone madogo sana. Ikipakwa toka ukingo hadi ukingo, maji ya nyanya hayana njia ya kupita. Wauza sandwichi wa mitaa ya Mumbai wanalielewa hili vizuri: kabla ya chatini ya kijani, viazi, tango, nyanya na viazi sukari vyekundu, slesi hupakwa siagi kote, na sandwichi inayobeba mboga nyingi kiasi hicho hailowi mpaka mteja anapomaliza. Majarini iliyozoeleka kwenye meza zetu hufanya kazi hiyohiyo ikiwa ina mafuta ya kutosha. Zile zinazosifiwa kuwa na mafuta machache zimeongezewa maji, na kuzipaka ni kuulowesha mkate kwa mkono wako mwenyewe. Mayonezi nayo inahitaji tahadhari. Ijapokuwa imejaa mafuta, imeumbwa kinyume cha siagi, kwani matone ya mafuta ndiyo yanayoelea ndani ya maji. Inateleza, ina ladha, lakini haizuii. Ndiyo maana sandwichi ya nyanya na mayonezi, inayopendwa sana kusini mwa Marekani wakati wa kiangazi, huliwa papo hapo, mara nyingi mlaji akiwa amesimama kwenye karo la jikoni; na anayetaka kuibeba hana budi kuuchoma mkate kwanza.

Kipimo cha tatu ni namna kitu chenye maji kilivyotayarishwa. Tango ni maji kwa karibu asilimia 95, na nyanya haiko mbali. Sandwichi ya tango ya Waingereza, inayoliwa kwa chai ya alasiri, huonekana kama mchezo wa watoto: mkate mweupe, siagi, tango. Lakini anayeijua kazi hukata tango vipande vyembamba kama karatasi, hunyunyiza chumvi, huviacha vitoe jasho, kisha huvikausha kwa kitambaa. Chumvi imeyatoa maji kabla hayajaingia kwenye mkate, na wakati huohuo imekoleza ladha ya kilichobaki. Hekima hiyo si ngeni pwani yetu. Anayetengeneza kachumbari kwa uangalifu huviminya vitunguu vilivyotiwa chumvi kwa sababu ileile. Yai la kuchemsha lina kosa lake pia: likipondwa moto hutoa mvuke, na mvuke ni maji yaliyovaa nguo nyingine. Kuku wa kuchoma aliyekatwa kabla hajapoa huacha mchuzi wake wote kwenye slesi ya chini. Ukiona slesi ya chini imebadilika rangi na ya juu iko kavu, haraka ya mpishi imejiandika hapo.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Uganda, kwenye vibanda vya rolex. Kuna atakayedai kwamba chapati iliyokunjwa na mayai si sandwichi. Jina tumwachie apendaye kubishana. Mkate umebeba kitoweo na unaliwa kwa mkono, kwa hiyo sheria ya maji inauhusu. Chapati nzuri ina mafuta kati ya matabaka yake, hivyo imekuja na kizuizi chake. Mayai hukaangwa na kabichi na kitunguu, chapati hulazwa juu yake yangali mabichi kidogo ili yashikane nayo, kisha vipande vya nyanya hupangwa na yote hukunjwa. Rolex iliyo bora ina kabichi iliyokatwa nyembamba, iliyopoteza maji yake kwenye kikaango, na nyanya chache zilizoiva lakini ngumu. Iliyo mbovu ina nyanya zilizopondeka na kabichi ya vipande vinene, ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki ingali moto. Baada ya dakika chache mvuke umeigeuza chapati kuwa utepe wa kunata. Viungo ni vilevile na bei ni ileile.

Mpinzani mwenye maarifa atasema: vipi basi kuhusu pan bagnat ya Nice? Hiyo ni sandwichi ya mkate wa duara uliojazwa nyanya, samaki, mayai, zeituni na mafuta ya zeituni, na sifa yake kubwa ni kwamba mkate umelowa. Chicago nako kuna sandwichi ya nyama ya ng'ombe ambayo mteja anaweza kuomba ichovywe nzima kwenye mchuzi. Je, hizo hazivunji kanuni? Zinaithibitisha. Nilichosema ni kwamba maji yatawaliwe, na kutawala si kupiga marufuku. Pan bagnat hutengenezwa kwa mkate wenye ganda nene, maji ya nyanya huchanganyika na mafuta kabla ya kunywewa, na sandwichi huachwa makusudi ipumzike ili kila upande upate sehemu yake. Jaribu kufanya hivyo kwa slesi laini uone itakavyovunjika mkononi. Mkate uliolowa kwa mpango hukaa mzima na una ladha hadi ukingoni. Uliolowa kwa bahati mbaya una kiraka cha maji katikati na ukavu pembeni. Jicho linaweza kuzitofautisha hizo mbili kabla mdomo haujahusishwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ubora wa viungo unashinda ufundi wote huu. Ni kweli kwa kiasi. Hakuna namna ya kupaka siagi itakayoipa ladha nyanya iliyochumwa ingali ya kijani, wala jibini lisilo na harufu halitapata harufu kwa kukatwa vizuri. Lakini ufundi hufanya kazi katika pande zote mbili. Kiungo ghali kinaharibika kwa urahisi kama kile cha bei nafuu, na sandwichi nyingi za hotelini zinashuhudia hilo, samaki wa thamani akiwa amezama kwenye mkate ulioanza kuloa saa mbili zilizopita. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini sandwichi iliyofungwa plastiki inaweza kujiuza kwa sura tu. Kwa hiyo fedha zipimwe kwa mpangilio: kwanza mkate unaofaa, kisha mafuta ya kutosha, kisha kiungo kimoja bora kuliko vitatu vya kawaida. Kila kiungo kinachoongezwa kinaleta maji yake, na maji hayo yanataka mtu wa kuyasimamia.

Mtu akishayashika haya, hukumu yenyewe ni fupi. Tazama pale ilipokatwa: mpaka kati ya mkate na kilichomo uonekane, na mafuta yafike ukingoni. Ishike kwa mkono mmoja. Ikiinama, mkate umeshindwa. Kwenye tonge la kwanza meno yapite tabaka zote kwa pamoja, bila kuvuta kipande kizima cha nyama au nyanya kutoka ndani. Tonge la mwisho lipewe uzito kuliko la kwanza, maana la kwanza hupikwa na njaa na la mwisho huachiwa mtengenezaji peke yake. Na kama unanunua, usihangaike kumuuliza muuzaji ameweka nini, kwa kuwa hilo limeandikwa ubaoni. Muulize ameitengeneza saa ngapi. Mwenye kuijua kazi yake atajibu bila kufikiri, kwa kuwa alipoitengeneza alikuwa tayari anahesabu muda.