Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Msaliti wa Binadamu katika Riwaya ya Kisayansi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukisahihisha karatasi za fasihi kwa miaka mingi, huanza kuyajua majibu kabla hujayasoma. Swali likimhusu Gege katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, mtahiniwa ataandika kuwa Gege ni msaliti, ni mbinafsi, ni mwenye tamaa, ni katili. Anamuua nduguye Mwelusi kwa kuwa ameahidiwa kumwoa binti wa Mtemi. Unatia vyema nne, unafungua ukurasa wa pili.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alilijibu swali kama hilo kwa njia nyingine. Aliandika kwamba kabla ya kumwita Gege msaliti tuulize alikuwa ameahidiwa nini na alikuwa anaogopa nini. Kisha akaongeza kuwa babu ya baba yake alikuwa homugadi wakati wa Hali ya Hatari, na nyumbani kwao hakuna anayelitaja jambo hilo. Nilipiga mstari mwekundu aya nzima nikaandika pembeni, 'Nje ya swali.' Nilipowarudishia madaftari, aliusoma mstari huo akalifunika daftari. Muhula ule hakuinua mkono tena.

Makala haya yamechochewa na mstari ule. Yanamchunguza mhusika mmoja anayejirudia katika riwaya za kisayansi: binadamu anayewaacha wenzake akaitumikia dola ya viumbe wa sayari nyingine. Msomaji atauliza mhusika wa namna hiyo anatuhusu nini sisi wa Karatasi ya Tatu. Jibu langu ni kuwa mhusika huyu hutuonyesha kosa tunalolifanya darasani. Neno 'msaliti' ni hukumu, na kila hukumu ina hakimu wake. Mwanafunzi akipewa hukumu bila kuisikiza kesi, hajahakiki chochote.

Chimbuko la mhusika

Mhusika huyu ana umri mkubwa. H. G. Wells alichapisha The War of the Worlds kama kitabu mwaka 1898, wakati reli ya Waingereza ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Viumbe kutoka Mirihi wanaivamia Uingereza yenyewe. Mwanzoni mwa riwaya, Wells anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, kana kwamba anawaambia kuwa sasa ni zamu yao. Baadaye askari mmoja wa mizinga anatabiri kuwa wavamizi watawafuga baadhi ya watu na kuwafunza kuwawinda wenzao. Msimulizi anapinga, anasema hakuna binadamu awezaye kufanya hivyo. Askari anamjibu kuwa wako watakaoifanya kazi hiyo kwa furaha.

Wells hakumuumba msaliti huyo; alimtabiri tu. Hata hivyo, alikuwa ameligusa jambo ambalo msomaji wa Kiafrika analijua bila kufundishwa: hakuna dola inayotawala mbali na kwao bila mikono ya wenyeji. Dola huhitaji wakalimani, makarani, machifu na askari. Swali linalobaki ni kwa nini mwenyeji akubali, na hapo ndipo waandishi waliofuata walipochimba zaidi.

Octavia Butler wa Marekani alilichimba katika Dawn (1987). Lilith Iyapo anazinduka ndani ya chombo cha viumbe waitwao Waoankali, baada ya vita vya nyuklia kuiteketeza dunia. Viumbe hao wamewaokoa watu waliosalia, lakini wanataka kuchanganya uzazi wao na wa binadamu, na ridhaa ya binadamu haina uzito kwao. Lilith anapewa kazi ya kuwaamsha wenzake na kuwafundisha kuishi tena duniani. Anaikubali akiwa na nia yake: watu wajifunze, wakifika duniani watoroke. Wenzake hawaioni nia hiyo. Wanaona nguvu alizoongezewa na wageni, wanamwita msaliti, na mpenzi wake Joseph anauawa na binadamu wenzake. Lilith anabaki katikati, haaminiki na wale anaowapigania. Je, mwanafunzi atamweka katika kundi gani? Hapa orodha yetu ya sifa inaanza kuvuja.

Ye Wenjie: mnyororo wa usaliti

Mfano ulio mpana zaidi unatoka Uchina. Riwaya ya Liu Cixin ilitoka kwa mfululizo katika jarida mwaka 2006, ikawa kitabu mwaka 2008, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na Ken Liu, The Three-Body Problem, ikachapishwa mwaka 2014. Mwaka 2015 ilipata Tuzo ya Hugo. Ndani yake mwanamke mmoja, Ye Wenjie, anaialika dola ya sayari ya Trisolaris ije kuitwaa dunia. Tukisimama hapo, tutaandika haraka: 'msaliti, katili'. Tusisimame hapo.

Mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Ye anamwona baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa jukwaani mbele ya umati. Wanaompiga ni wasichana wa Walinzi Wekundu, na mke wake mwenyewe amepanda jukwaani kumshutumu. Huo ndio usaliti wa kwanza, wa mke kwa mume. Ye anapelekwa kufanya kazi ya kukata miti msituni. Huko mwandishi wa habari anamwazima Silent Spring, kitabu cha Rachel Carson cha mwaka 1962 kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu. Mwandishi huyo anataka kuwaandikia wakuu barua kuhusu uharibifu wa misitu, na Ye anamsaidia kuinakili. Barua inapoleta hatari, mwandishi anasema aliyeiandika ni Ye. Huo ni usaliti wa pili, wa rafiki kwa rafiki.

Utaona, msomaji, kuwa mtunzi hajakurupuka. Kabla Ye hajamsaliti mtu yeyote, ameshasalitiwa na walio karibu naye zaidi, na kila mara msaliti alikuwa akijiokoa. Anaokolewa na taaluma yake ya fizikia ya nyota, anapelekwa kwenye kituo cha siri cha kijeshi chenye antena kubwa. Hapo anagundua kuwa jua linaweza kukuza mawimbi ya redio, anautuma ujumbe angani kupitia jua. Miaka inapita. Siku moja jibu linafika: kiumbe mmoja wa Trisolaris anamwonya asijibu, kwa sababu akijibu tu, mahali ilipo dunia patajulikana na dunia itavamiwa. Ye anaelewa onyo hilo vizuri. Anajibu. Anawaalika, kwa kuwa anaamini binadamu hawawezi tena kujirekebisha wenyewe.

Sababu hizi zinaeleza, hazisamehi. Mtunzi anahakikisha hatusahau. Ili siri isitoke, Ye anamuua kamishna wa kituo, na pamoja naye mume wake mwenyewe, huku akiwa mja mzito. Kisha kinakuja kinaya ambacho nakihesabu kuwa kilele cha usanii wa riwaya hii. Baada ya kuihukumu dunia nzima, Ye anapata uzazi mgumu, na wanakijiji wa karibu na kituo wanajitolea damu kumwokoa. Wanamlea yeye na mtoto majumbani mwao, na watoto wao wanamjia kuuliza maswali ya sayansi. Wema aliouona kuwa haupo ulikuwa mlangoni pake. Ushahidi umefika baada ya hukumu kutolewa, na mawimbi ya redio hayarudishwi.

Kosa la Ye, kwa maoni yangu, liko hapo. Aliwapima binadamu wote kwa wale waliokuwa na madaraka na wale waliowaogopa, kisha akajitwalia haki ya kusema kwa niaba ya wote, hata wale wanakijiji. Mwanafunzi akilifikia jambo hilo kwa ushahidi wa matini, amemhukumu Ye kwa ukali kuliko aliyeandika 'katili', na amejua anachokisema.

Aidha, tuitazame jumuiya ya wafuasi inayozaliwa baada ya mwaliko ule, inayoongozwa na Ye pamoja na Mike Evans, mrithi wa utajiri wa mafuta. Ina makundi matatu. Wa kwanza wanawachukia binadamu na wanataka waangamizwe. Wa pili wanaiabudu Trisolaris kama mungu na wanataka kuiokoa. Wa tatu wanatumika ili vizazi vyao viachwe hai wavamizi watakapofika, jambo litakalochukua zaidi ya miaka 400. Chuki, imani na woga: makundi haya yanatenda tendo moja kwa nia tatu. Wa kundi la tatu, mwalimu, tumewaona hapa kwetu. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, walikuwepo walioishika bunduki ya serikali kwa sababu ya shamba, waliofanya hivyo kwa imani, na waliofanya hivyo kwa sababu nyumba ya jirani ilikuwa imechomwa usiku uliotangulia. Wote walipewa jina moja, na wajukuu wao wamekaa kwenye madawati yetu pamoja na wajukuu wa waliokwenda msituni.

Msaliti wa upande wa pili

Nimeacha kwa makusudi mhusika mmoja mdogo. Ni yule kiumbe wa Trisolaris aliyetuma onyo. Kazi yake ni kusikiliza mawimbi ya angani. Sayari yake ina majua matatu, na ustaarabu wao umeangamia na kuanza upya mara nyingi. Wanahitaji makao mapya. Yeye ndiye wa kwanza kusikia kuwa makao yapo, lakini akawahurumia watu asiowajua akawaonya wanyamaze. Kwa kufanya hivyo aliwanyima watu wake nafasi ya kuokoka.

Ukilisoma onyo hilo darasani, utaona jinsi wanafunzi watakavyompenda. Watamwita shujaa, mwenye utu, mpenda amani. Hapo waulize: kwao Trisolaris anaitwaje? Alifanya alilofanya Ye. Aliichukua hatima ya umma wake akaiweka mikononi mwa wageni, bila idhini ya yeyote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: usaliti unaotufaa tunauita utu.

Hii haina maana kuwa Ye na msikilizaji yule ni sawa. Mmoja aliifungulia njia dola iliyokuja kutwaa. Mwingine alijaribu kuifunga. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo tunayopaswa kuwafundisha wanafunzi waitafute. Lakini hawataipata kwa kuuliza nani aliwaacha wenzake, maana wote wawili waliwaacha. Wataipata wakiuliza ni nani aliyeumia kwa tendo hilo.

Fasihi yetu ina mizani hiyo pia. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyo angani, wajumbe wanaokwenda nchi za nje na kurudi na mawazo ya kuwafaa watu wao wanatiwa gerezani. Anayeshtaki ni Majivuno, waziri. Humo wanaohesabiwa kuwa maadui wa nchi ndio waliokuwa wakiitumikia. Naye Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anamtuma Dzombo angani kama mfungwa aliyehukumiwa kifo, akatue kwenye sayari ambayo jina lake, ukilisoma polepole, linatuambia kuwa wale ni sisi.

Mapendekezo kwa mwalimu

Utakapokutana na mhusika msaliti katika kitabu chochote kilichoteuliwa, jaribu kuwapa wanafunzi maswali manne kabla ya kuwaruhusu kuandika sifa. Alisaliti nani hasa: mtu, familia, taifa, au wazo? Kabla ya kusaliti, yeye alitendewa nini, na na nani? Anayemwita msaliti ni nani, naye anapata faida gani kwa kumwita hivyo? Mwisho, ni nani aliyeumia, na je, aliulizwa?

Mfano wa Gege utafaa kuanzia. Maswali haya hayatamwondolea hatia. Damu ya Mwelusi bado iko kisimani. Ila yatamhamisha mwanafunzi kutoka kwa Gege peke yake hadi kwa Mtemi aliyempa mtu kijana ahadi ili amuue nduguye. Jibu la namna hiyo huzidi mistari iliyotolewa, nalo lina hoja.

Hitimisho

Riwaya ya kisayansi hutupeleka mbali ili tuyatazame ya karibu bila kuona haya. Ni rahisi kumjadili Ye Wenjie kuliko kumjadili babu wa mtu aliyekaa dawati la tatu, na kwa sababu hiyo Ye anatufaa: tunaweza kujifunza kwake namna ya kuuliza, kisha tukarudi nyumbani tukiwa tumejiandaa.

Aya niliyoipiga mstari mwekundu haikuwa nje ya swali. Ilikuwa na maswali mawili kati ya manne niliyoyataja hapo juu, na mwandishi wake alikuwa na miaka kumi na sita. Ikiwa nawe una daftari kama hilo mezani wiki hii, mwalimu, isome aya ile tena kabla ya kuifungua kalamu nyekundu.