Kuisoma Kanuni Hadi Nukta Yake

Katika toleo la 5 la mchezo wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, kuna aina ya mhusika aitwaye rogue: mtu wa kunyemelea, mwenye kisu chepesi na subira ndefu. Nguvu yake kubwa vitani ni shambulio la kuvizia. Akimkuta adui aliyezongwa na mshirika wa rogue, aliye umbali usiozidi futi 5 kutoka kwa adui huyo, pigo la rogue huongezewa dadu za pande 6: dadu 1 akiwa ngazi ya kwanza, dadu 3 akifika ngazi ya 5, dadu 10 akifika ngazi ya 19. Kanuni inaweka kikomo kifupi tu, kwamba nyongeza hiyo inatolewa mara moja katika zamu. Mwenye haraka ataelewa kuwa ni mara moja kila mapigano yanapoizunguka meza. Ila kitabu cha kanuni hizo kinatenganisha zamu na mzunguko. Mzunguko ni kama sekunde 6, na ndani yake kila aliyemo vitani anapata zamu yake. Tena kanuni haikusema kwamba zamu hiyo lazima iwe ya rogue mwenyewe. Adui akijaribu kutoroka katika zamu yake yeye, rogue aliye karibu ana haki ya kumpiga pigo moja la papo hapo. Na kwa kuwa hiyo ni zamu nyingine, masharti mengine yakitimia, dadu za kuvizia zinarushwa tena. Kwenye ngazi ya 5 hiyo ni wastani wa pointi 10 na nusu za madhara, na zinaweza kuwa ndizo zinazoamua nani atalala chini.

Anayeliona jambo hili hajapindisha kitu. Ameyasoma maneno yaliyopo na kuliheshimu neno moja ambalo halipo. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, kwa sababu naamini ndio unaoleta haki mezani. Mchezo wa kuigiza wahusika hauna uwanja wala mpira ambao watu wote wanauona ukivuka mstari. Kila kitu hutokea kwa kusemwa: msimamizi wa mchezo anaeleza pango, mchezaji anasema anachofanya, dadu zinarushwa, na hadithi inasonga. Ukiondoa maandishi yanayomfunga kila mtu sawa, inabaki ile ya mwenye nguvu mpishe. Mwenye sauti kubwa atapata pigo la pili, rafiki wa msimamizi atasamehewa, na yule mgeni mwenye haya aliyekaa pembeni ataambiwa haiwezekani. Kanuni iliyoandikwa humpa huyo wa pembeni kitu cha kuweka kidole juu yake na kusema: hapa. Ahadi ni deni, na uwezo ulioandikwa kwenye karatasi ya mhusika ni ahadi aliyopewa mchezaji kabla hajaketi.

Kuna pingamizi la zamani kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia makamanda, Kriegsspiel, wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara. Kanuni zikawa nzito, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi aamue kwa busara yake. Wapo leo wanaotaka meza zetu ziendeshwe hivyohivyo: msimamizi mwema anatosha, kitabu kifungwe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana msimamizi mwema ni neema kubwa. Lakini tuangalie busara ya mwamuzi wa Prussia ilitoka wapi. Alikuwa mwanajeshi akiwaamulia wanajeshi, na risasi, matope na uchovu wa farasi vilikuwa mambo waliyoyajua wote, hivyo akikosea wangeweza kumkosoa kwa ushahidi wa nje ya mchezo. Mezani petu nani amewahi kupigana na joka? Nani anajua mwanga mtakatifu unaunguza kiasi gani? Hakuna uzoefu wa nje wa kurejea. Shahidi pekee tunayemshiriki ni maandishi, na shahidi wa pekee husikilizwa mpaka amalize kusema.

Kusikiliza mpaka mwisho ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mfano mzuri ni pigo takatifu la paladini, shujaa wa kiapo, katika kitabu cha 2014. Akimpiga adui kwa shambulio la silaha la karibu, anaweza kutumia sehemu ya akiba yake ya uchawi na kuongeza madhara ya nuru juu ya madhara ya silaha. Je, akipiga kwa ngumi? Mwanzo wa kanuni unaonekana kumruhusu, kwani kitabu kinaihesabu ngumi ndani ya kundi la mashambulio ya silaha ya karibu, japo ngumi yenyewe haihesabiwi kuwa silaha. Wengi waliishia hapo wakafurahi. Lakini mwisho wa sentensi unataja madhara ya silaha ambayo nuru inaongezwa juu yake, na mwenye mkono mtupu hana silaha ya kutoa madhara hayo. Mlango uliofunguliwa na nusu ya kwanza umefungwa na nusu ya pili. Ufafanuzi rasmi wa wachapishaji, Wizards of the Coast, ulikuja kuthibitisha usomaji huo, ukaongeza jambo ninalolipenda: kwamba kumfungamanisha paladini na silaha kulihusu sura ya shujaa huyo, na msimamizi akiamua kulegeza, mizani ya mchezo haitaharibika. Toleo la 2024 likaitaja ngumi waziwazi kuwa inaruhusiwa. Wasomaji makini ndio walioonyesha mahali ambapo maandishi na hamu ya wachezaji vilikuwa vimeachana.

Najua wapo watakaosema kwamba watu wa namna hii ndio wanaoua raha ya mchezo: wabishi wanaosimamisha vita nusu saa wakitafuta mwanya. Wanaotajwa hapo wapo kweli, na wanachosha. Lakini kosa lao ni kusoma kidogo mno. Kuna hila yao maarufu ya kupanga mstari mrefu wa wanakijiji, kila mmoja akiwa tayari kumkabidhi mwenzake mkuki mara tu aupokeapo. Kwa hesabu za zamu, mkuki unapita mstari mzima ndani ya sekunde 6; kwa hiyo, wanadai, unafika mwisho ukiwa na kasi ya kutisha na utaivunja ngome. Hila hiyo inafuata kanuni za mchezo hadi katikati, kisha inaruka na kushika fizikia ya shuleni. Mwenye kuendelea kusoma anafika kwenye orodha ya silaha na kukuta kwamba mkuki uliorushwa unatoa dadu 1 ya pande 6, na kanuni haiulizi ulipitia mikono mingapi. Mwongozo wa msimamizi wa 2024 umeikataa hila hiyo kwa kueleza kwamba kanuni si sheria za fizikia, na ni vizuri umesema; ila aliyeisoma kanuni ya silaha hadi nukta yake alikuwa na jibu tangu zamani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba maandishi yenyewe hukosea. Katika kitabu cha 2014, maelezo ya mhusika asiyeonekana yana vipengele viwili vinavyojitegemea. Cha kwanza kinasema haonekani bila msaada wa uchawi au hisi maalumu. Cha pili kinasema wanaomshambulia wanarusha dadu kwa hasara, yaani kwa nafasi ndogo ya kumpata, na yeye anashambulia kwa faida, yaani kwa nafasi kubwa, bila kutaja sababu. Ukisoma neno kwa neno, mchawi aliyejipa uwezo wa kuwaona wasioonekana anamwona adui wazi kabisa, na bado anampiga kwa hasara. Jeremy Crawford, aliyesimamia kanuni za toleo hilo, alikubali kwamba ndivyo yalivyoandikwa. Matokeo hayo hayana maana. Mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza, za Kenya na Tanzania zikiwemo, zinaujua ugonjwa huu na dawa yake: tangu kesi ya Heydon ya mwaka 1584, jaji anaruhusiwa kuuliza sheria iliwekwa ili kuzuia ubaya gani. Kanuni ya kutoonekana iliwekwa kumlinda asiyeonekana. Aliyekwisha kuonwa hana cha kulindwa. Msimamizi anayeamua hivyo ameamua vema. Ninachomwomba ni aseme kwamba anarekebisha, asidai kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Ukarabati unaotangazwa unawafunga wote kuanzia leo, yeye mwenyewe akiwemo. Ukarabati unaofichwa chini ya jina la tafsiri unaweza kugeuka wiki ijayo, na mchezaji hatajua ashike lipi.

Ufundi huu una historia ya heshima. Kanuni za kwanza za Gary Gygax na Dave Arneson, za mwaka 1974, zilikuwa vijitabu 3 vyembamba vyenye mapengo mengi, na kufikia 1979 jarida la Dragon lilikuwa na safu ya kujibu maswali ya wasomaji, iliyoanzishwa na Jean Wells. Watunzi nao wamejifunza kwamba wanasomwa. Mwaka 2022 walitoa rasimu ya majaribio iliyolifungia shambulio la kuvizia ndani ya zamu ya rogue mwenyewe. Mabadiliko yalikuwa ya maneno machache, lakini wachezaji waliyaona na kuyalalamikia. Kitabu cha 2024 kikarudi kwenye mara moja katika zamu, ya mtu yeyote.

Kitabu hicho kimeirekebisha kanuni ya kutoonekana na papo hapo kikazaa swali jingine. Anayefanikiwa kujificha sasa anapewa hali hiyohiyo ya kutoonekana, na yametajwa mambo 4 yanayoiondoa: kutoa sauti inayozidi mnong'ono, kushambulia, kutamka uchawi, au adui kumpata. Kutoka nyuma ya pipa na kusimama peupe hakukutajwa. Wapo wanaoshikilia kwamba adui hampati mtu mpaka arushe dadu ya utambuzi, kwa kuwa kanuni inasema alama za aliyejificha ndizo kiwango cha kufikiwa na anayemtafuta. Mimi naisoma vingine. Sentensi hiyo inapima ugumu wa kutafuta kwa dadu. Haisemi kwamba dadu ndiyo njia pekee ya kupata. Na maelezo mapya ya kutoonekana yanamnyima mtu faida yake vitani mbele ya kiumbe kinachoweza kumwona kwa namna yoyote. Kwa hiyo aliyesimama katikati ya ukumbi wenye taa, uso kwa uso na mlinzi aliye macho, amekwisha kupatikana. Anayekatiza nyuma ya mgongo wa mlinzi, kutoka nguzo moja hadi nyingine, ni kesi tofauti: hapo dadu ya utambuzi ina kazi, na kiwango cha kufikiwa kiko tayari kwenye karatasi.